Taa ya barazani ndiyo iliyokuwa inakula LUKU

Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, ya mtindo ule tunaoujua sote: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna banda la jiko, bafu na choo. Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni moja. Mimi na mama tunakaa vyumba viwili vya mbele, vilivyobaki tumepangisha. Kila mwezi tunachanga pesa ya umeme, na kila mwezi uniti zikiwahi kuisha maneno yanaanza: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani analala redio ikiwa wazi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeinua macho kutazama taa.

Safari hii maneno yalimwangukia mtoto. Halima, binti wa mpangaji wetu mmoja, yuko kidato cha nne na anasoma usiku. Ikasemwa barazani, mama yake akisikia, kwamba kuna chumba taa haizimwi mpaka saa sita na wengine ndio wanaolipa. Kuanzia hapo mama yake akawa anamzimia saa tatu. Liliniuma sana jambo lile. Mimi ni fundi cherehani, kazi zangu nyingi nazimalizia jioni chini ya taa, najua maana ya kuambiwa zima wakati kazi bado iko mkononi. Nikachukua kalamu, nikaanza kupiga hesabu ya kila taa iliyomo humu ndani, moja moja, na saa zake za kuwaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wati za taa, zidisha kwa saa inazowaka, gawanya kwa 1,000, umepata uniti. Barazani tulikuwa na globu ya waya ya wati 60. Uani, kati ya bafu na choo, globu nyingine ya wati 60. Zote mbili zinawaka usiku kucha, ya mbele kwa ajili ya usalama na ya nyuma kwa sababu watoto na wazee huamka usiku kwenda msalani. Huku kwetu usiku ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo kila moja ilikuwa inakula uniti 0.72 kwa usiku mmoja, uniti 21.6 kwa mwezi. Zote mbili, uniti 43.2. Taa mbili tu, na hakuna anayekaa chini yake akifanya kazi yoyote!

Sisi mita yetu iko kundi la bei linaloitwa T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja ni shilingi 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (wadhibiti wa nishati) inafika 356 na senti kidogo. Ndiyo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata uniti 28, hapo kabla hujakatwa kodi ya jengo. Basi taa ile ya barazani ilikuwa inakula shilingi 256 kwa usiku mmoja. Chumbani kwa Halima kulikuwa na eneji seva ya wati 15. Akisoma saa nne nzima anatumia uniti 0.06, yaani shilingi 21. Kwa maneno mengine, globu ya barazani ilimaliza kwa usiku mmoja umeme ambao mtoto yule angesomea usiku kumi na mbili.

Niliwasomea wenzangu hesabu hiyo pale pale barazani, nikawaonyesha karatasi. Mtu aliyekuwa amelalamika akasema, basi dada, tubadilishe hiyo ya juu yetu kwanza. Tukabadilisha. Na mtoto akarudishiwa taa yake.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu mnisikilize, maana watu wengi wakisikia "taa za kubana matumizi" wanaanzia sebuleni, kwa sababu ndiko wageni wanakokaa. Sebuleni taa inawaka saa tatu, labda nne. Ukitoa globu ya wati 60 ukaweka LED ya wati 9 hapo, umeokoa kama uniti nne na nusu kwa mwezi. Si haba. Lakini balbu hiyo hiyo ukiiweka barazani inaokoa zaidi ya uniti 18. Kama pesa ya mwezi huu inatosha balbu moja tu, ipeleke kwenye taa inayowaka saa nyingi kuliko zote, hata kama ni ya chooni. Kwetu barazani tuliweka LED ya wati 9 na uani ya wati 5. Zile uniti 43 zikashuka zikawa 5. Pesa iliyobaki mfukoni ni zaidi ya shilingi 13,500 kwa mwezi, na balbu zote mbili nilizinunua kwa 8,500.

Kwa wale walio kundi la D1, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato mpaka wafikishe uniti 75 kwa mwezi, jambo hili ni kubwa zaidi. Kila uniti inayozidi 75 inatozwa 350. Globu mbili za usiku kucha zinameza zaidi ya nusu ya uniti zao za bei nafuu, halafu friji na televisheni ndizo zinazoonekana kuwa zimewavusha.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kumwamini mtu yeyote, hata mimi. Tazama mita yako, ina kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu nacho pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja; nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, nyingine namba tofauti. Kama ni 1000, kila kikipepesa mara moja umetumia sehemu moja ya elfu ya uniti. Zima kila kitu nyumbani, chomoa chaja na friji, acha taa moja tu. Globu ya wati 60 itakifanya kipepese mara moja kila dakika. Eneji seva ya wati 15 kila dakika nne. LED ya wati 9 utasubiri dakika sita na zaidi. Mama yangu haamini hesabu za karatasi, lakini alikaa na kiti chake mbele ya mita, akatazama saa ya ukutani, akaamini.

Sasa dukani. Maduka ya vifaa vya umeme ya kule upande wa soko la Mgandini yamejaa balbu za kila bei, na swali la kwanza utakaloulizwa na muuzaji ni "ya wati ngapi?" Swali hilo lilikuwa na maana zama za globu za waya, kwa sababu zote zilikuwa zinafanana: wati nyingi, mwanga mwingi. Sasa wati zinakwambia utakatwa kiasi gani tu. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na namba hiyo imeandikwa kwenye boksi kwa herufi lm. Globu ya wati 60 ilikuwa inatoa lumeni kama 700 hadi 800. Eneji seva inatoa kiasi hicho kwa wati 13 hadi 15. LED nzuri inatoa kwa wati 8 au 9. Mimi nachukua lumeni nagawanya kwa wati: ikija 90 au zaidi naendelea kuitazama, ikija 60 nairudisha. Na boksi lisilo na lumeni kabisa, limeandikwa tu "wati 20" kwa herufi kubwa nyekundu, silinunui hata likiuzwa elfu moja. Kama kiwanda hakikuona haja ya kusema balbu yake inatoa mwanga kiasi gani, mimi sina haja ya kuipandisha darini.

Kwa nini globu ya waya inakula hivyo? Kwa sababu kazi yake hasa ni kutoa joto. Umeme unapita kwenye uzi mwembamba mpaka uzi huo unang'aa kwa joto, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme huo inaondoka kama joto. Katika chumba cha Tanga mwezi wa pili, na bati juu yako, unalipia joto ambalo baadaye unawasha feni kulifukuza. Nilishonea chini ya globu miaka mingi, jasho linadondoka kwenye kitambaa cheupe cha mtu. LED nayo ina joto, lakini liko shingoni, kule kwenye kitako chake, na ni dogo.

Joto hilo la shingoni lisipuuzwe, maana ndilo linaloua balbu nyingi za LED kabla ya wakati. Vile vitaa vidogo vya njano unavyoviona ndani vinaweza kuishi sana, lakini nyuma yake kuna kisakiti cha kubadilisha umeme wa ukutani kuwa unaovifaa, na kisakiti hicho hakipendi kuchemka. Ukiifunga balbu ndani ya bakuli la kioo lililozibwa pande zote, lile la urembo wa sebuleni, joto halina pa kutokea. Mpangaji wetu mmoja alikuwa anabadilisha balbu mara kwa mara akidhani ananunua feki. Alipotoa bakuli, balbu ya aina ile ile ikakaa. Fundi wa redio wa hapa mtaani huzifungua zilizokufa, na mara nyingi anakuta kitaa kimoja tu kina doa jeusi katikati. Vimeungwa kwa mfuatano, kimoja kikifa vyote vinazima. Yeye hukiunganisha pembeni taa ikawaka tena. Mimi sishauri mtu asiye fundi afanye hivyo, umeme wa ndani mle ni ule ule unaoua.

Maisha ya balbu nayo yaingie kwenye hesabu. Globu ya waya imetengenezwa kwa saa 1,000. Ikiwaka usiku kucha haifiki miezi mitatu, na ndivyo ilivyokuwa kwetu, kila mara mtu anapanda stuli barazani. LED iliyoandikwa saa 15,000, kwa saa kumi na mbili kila usiku, ni zaidi ya miaka mitatu. Ya elfu mbili ikifa baada ya mwezi wa nne na ya elfu tano ikakaa miaka mitatu, iliyo ghali ni ile ya elfu mbili. Kwa hiyo naomba dhamana. Maduka mengi sasa yanatoa mwaka mmoja au miwili, na muuzaji anaandika tarehe kwa maka peni kwenye kitako cha balbu. Mwombe aiandike. Usiifute ukiosha vumbi. Duka linalokataa kuandika tarehe limeshakujibu.

Kabla ya kulipa, ijaribu pale kaunta, wanayo holda ya kujaribia. Usitazame kama inawaka tu. Fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye balbu kwa karibu. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye kioo cha simu, balbu inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kichwa kinahisi. Kwa anayesoma au kushona chini yake jioni nzima, inaweza kuwa chanzo cha macho kuchoka. Halafu soma volti. Iliyoandikwa 220–240V ni sawa kama umeme wa mtaani kwako umetulia. Kama kwenu saa moja jioni, kila mtu anapowasha, umeme unakuwa mdogo mpaka feni inazunguka kwa kuvuta miguu, tafuta iliyoandikwa 85–265V. Hiyo haibadiliki mwanga. Tyubu za zamani zenye stata na choki, umeme ukiwa mdogo hazikubali kuwaka kabisa, zinapepesa tu hadi usiku unapotulia.

Na usisahau kutazama holda ya nyumbani kabla hujatoka, kama ni ya pini au ya kuzungusha. Sisi tulio karibu na bahari tutazame pia kutu. Chumvi ya hewani inakula shaba ya holda, vipini vinakuwa vyeusi, balbu inapepesa na kuchemka, na lawama zinaiendea balbu. Holda mpya ni bei ndogo sana. Ya barazani kwetu niliibadilisha pamoja na balbu.

Nije kwenye rangi ya mwanga, ambayo kwangu ndiyo kazi. Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K. 2700K au 3000K ni mwanga wa njano kama wa globu ya zamani. 4000K ni weupe uliotulia. 6500K ni weupe wa kuelekea bluu. Watu wengi wa pwani tunapenda huo mweupe, tunasema chumba kinaonekana safi na chenye baridi. Chumba cha kulala mimi naweka wa njano, kwa sababu mweupe sana unauamsha mwili wakati unatakiwa kulala. Barazani pia niliweka wa njano, na sababu ni wadudu. Mwanga wenye bluu nyingi unawaita zaidi, na mvua zikianza, kumbikumbi wakitoka, utajua tofauti. Jirani mwenye taa nyeupe anafagia mbawa asubuhi ndoo nzima.

Lakini K haisemi yote. Kuna namba nyingine, Ra au CRI, inayosema rangi za vitu zitaonekana kwa ukweli kiasi gani chini ya taa hiyo, na ya juu kabisa ni 100. Globu ya waya ilikuwa karibu na 100, hili lazima niikubalie. LED ya kawaida ni 80. Zisizoandikwa kitu mara nyingi ni chini ya hapo. Chanzo chake ni namna mwanga mweupe wa LED unavyopatikana: ndani kuna kitaa cha bluu, juu yake kuna unga wa njano, na bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Kitaa hicho cha bluu kiliwasumbua wanasayansi miaka mingi mpaka kilipopatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Sasa katika mchanganyiko wa bluu na njano, rangi inayopungua ni nyekundu. Chini ya balbu duni khanga nyekundu inapauka ikawa kama ya udongo, ngozi ya mtu inaonekana ya mgonjwa, na uzi wa bluu iliyokoza huwezi kuutenga na mweusi. Fundi yeyote mwenye oda ya sare za shule anajua gharama ya kuchanganya nyuzi hizo mbili. Juu ya cherehani yangu nimeweka ya lumeni 1,000 na Ra 90. Ilibidi niitafute, na ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya ile ya barazani. Hiyo ni taa ya kazi, inanilipa.

Kwa mama nako niliongeza mwanga badala ya kupunguza. Jicho la mtu mzima linapitisha mwanga mchache kuliko la kijana, na mama ana umri wa miaka sabini na zaidi. Anasoma Kurani yake jioni, na alikuwa ameanza kusema herufi zimekuwa ndogo. Nikamtolea eneji seva iliyokuwa imechoka, nikamwekea LED ya lumeni 1,200. Inakula wati 12 tu. Wale wanaodhani kubana umeme ni kukaa kwenye mwanga hafifu, wamebaki zama za globu. Ukishabadilisha taa, anayezima balbu ya wati 9 juu ya kichwa cha mtoto anayesoma anaokoa shilingi 3 kwa saa. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima imekula umeme wa balbu hiyo kwa saa 111. Kama nyumba yenu imeshahamia LED na uniti bado zinakimbia, acheni taa, tazameni pasi, jagi la umeme na mpira wa mlango wa friji.

Kuna jambo la usalama ambalo LED ilitufichulia. Katika chumba kimoja balbu ikizimwa ilibaki inang'aa kwa mbali, hafifu, giza likiingia unaiona. Watu wakasema ni mbovu. Fundi umeme alipokuja na testa yake akagundua swichi ilikuwa inakata waya wa nyutro, ule wa kurudishia, na laivu, waya unaoleta umeme, inaendelea moja kwa moja mpaka kwenye holda. Maana yake ni kwamba hata taa ikiwa imezimwa, umeme wa volti 230 upo pale juu unamsubiri mtu anayebadilisha balbu. Globu ya waya isingeonyesha chochote, ila LED inatosheka na umeme kidogo sana unaovuja, ikawa inatuambia. Wakati mwingine sababu ni swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyesha gizani, hizo hazina ubaya. Lakini ukiona kwako balbu inabaki inang'aa na swichi ni ya kawaida, mwite fundi. Na kila unapobadilisha balbu, zima kwenye swichi kubwa.

Balbu za kuchaji, zile zenye betri ndani zinazobaki zinawaka umeme ukikatika, zinapendwa sana na mimi ninayo moja, ipo korido. Zina masharti. Swichi lazima iachwe imewashwa, la sivyo nayo itazima. Na usiiweke sehemu ya kuwaka usiku kucha, maana betri inapikwa na joto la balbu yenyewe na kwa muda mfupi haishiki tena. Korido yetu inawaka kuanzia magharibi mpaka watu walale, inatosha.

Eneji seva tulizozitoa sikuzitupa jalalani. Ndani zina zebaki, kidogo, isiyozidi miligramu tano katika nyingi, lakini ni sumu, na jalala letu ndiko watoto wanakookota vyuma. Zimo kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, juu ya kabati. Ikikupasukia moja nyumbani, toa watoto, fungua madirisha, subiri robo saa. Usifagie kwa ufagio, unaueneza ule unga. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi linalobaki linase kwa selotepu, weka vyote kwenye chupa ya kufunga. Taa hizi zinaondoka sokoni, na inafaa tujue ni nani waliosukuma: nchi za Afrika ndizo zilizopeleka pendekezo kwenye Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki. Mwaka 2022 ikakubaliwa eneji seva za kawaida za hadi wati 30 ziishe mwaka 2025, na mwaka 2023 kule Geneva zikaongezwa tyubu, mwisho wake 2027. Kwa hiyo muuzaji akikupa eneji seva kwa bei ya kutupa, jua anamaliza stoo.

Tyubu ya jikoni uani ndiyo iliyobaki. Mama Neema anakaanga maandazi humo kuanzia saa kumi alfajiri, moshi na masizi vimeifunika, na choki yake inaunguruma. Tyubu ya wati 36 na choki ya zamani vinavuta karibu wati 45 kwa pamoja. Nilishauriwa ninunue tyubu ya LED tu niichomeke kwenye kasha lile lile, lakini kasha lina stata na choki ambazo kwa tyubu nyingi za LED inabidi fundi azitoe au azipitishie waya pembeni, na limekwisha kutu. Tumekubaliana tununue kamili, pamoja na kasha lake jipya la plastiki lililofunikwa, la wati 18, ambalo Mama Neema atalifuta kwa kitambaa kila Ijumaa umeme ukiwa umezimwa.

Pesa yake inatoka kwenye mchango wa LUKU, kwa sababu tumeandikiana sasa: taa za baraza, korido, uani, choo na jiko ni za nyumba, mimi nanunua na risiti nabandika ukutani karibu na mita. Za vyumbani ni za mpangaji mwenyewe, na akihama anaondoka na balbu yake ya LED. Sharti ni moja tu, holda aiache nzima.